Sehemu ya Pili Ambayo Sikuisoma

Solange mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kumuaga tantine yako, mdogo wangu, kule Mudzipela, na ninajua hatakuachilia kabla hujala mara mbili. Nina saa kama tatu. Valizi yako ya nguo iko wazi kitandani. Nimekaa kwenye meza ya salon, hapa sebuleni, na mlango nimeufunga kwa ufunguo, ingawa jua bado liko juu. Utajiuliza tangu lini mama yako anafunga mlango mchana. Nitafika huko.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala za kuficha simu unapotembea Kisangani. Hayo nimeyasema mpaka umechoka, na mengine unayafanya vizuri kuliko mimi. Kuna jambo nimekuficha kwa miaka kumi na tatu, na jingine nimekuficha kwa wiki tatu. Nataka uondoke nayo yote mawili.

Naanza na daftari. Jumapili uliniomba daftari zangu nne za zamani, zile ambamo niliandika kwa Kiswahili vitabu vya wanafalsafa. Ulinieleza kazi mtakayofanya na wenzako: kuvichukua vitabu vile, kuvitia katika Kiswahili cha watu, kuvisoma kwa sauti na kuvituma kwenye simu, ili mwenye pikipiki na mwenye kuuza mkaa wayasikie yale ambayo zamani yalibaki kwa mapadri na maprofesa. Nilikupa tatu. Ya nne nilisema ilipotea tulipohama. Ulinitazama, na siku nzima hukusema nami. Ulijua ninadanganya. Daftari iko hapa mbele yangu.

Ulikuwa na miaka minane nilipoiandika. Nilikuwa nafundisha filozofia darasa la mwisho la sekondari, na kitabu kilikuwa kimoja kwa darasa zima, tena kimekatika mgongo. Wanafunzi walikariri Kifaransa chake kama watu wanaobeba mfuko bila kujua ndani kuna nini. Siku ya mtihani waliutua, siku ya pili walikuwa wamesahau. Mimi mwenyewe nilisoma hivyo. Nilipata alama nzuri sana kwa mambo ambayo sikuyaelewa mpaka nilipokuwa mama.

Siku moja nilikosa uvumilivu, nikafunga kile kitabu na kueleza kwa Kiswahili chetu cha hapa, kile cha sokoni. Niliwaambia kwamba kuna mzee mmoja wa Ulaya, amekufa karne nyingi zilizopita, aliyejiuliza kwa nini mtu atii mtu mwingine. (Jina lake unalijua. Silisemi hapa kwa sababu barua inaweza kufunguliwa na mkono usio wako.) Nyuma kabisa, karibu na dirisha, kijana mmoja anayeitwa Janvier akainua mkono.

“Madamu, huyo muzee alifika huku?”

“Hapana. Hakufika hata Afrika.”

“Sasa alijua namna gani mambo yetu?”

Nimefundisha miaka ishirini na sita, na sijapata furaha kama ile. Tangu siku hiyo kila jioni niliandika. Nililala na neno moja, nikaamka nalo. Kuna neno la Kifaransa lilinichukua wiki nzima, mpaka nikalipata kwa wanawake waliokuwa wanagombania foleni ya maji. Wewe ulikuwa unakaa chini ya meza hii hii na kuniuliza kwa nini ninaongea peke yangu.

Halafu direkteri wa redio moja ya hapa mjini alisikia habari zangu. Alinipa dakika ishirini kila Jumamosi asubuhi. Nilianza na mambo ya urafiki, ya uongo na ya kifo, na watu walipenda. Sokoni wanawake walinisimamisha na kubishana nami kama vile mimi ndiye niliyeandika kile kitabu. Sitakuficha, Solange: nilionja kujulikana na nikaona ni kutamu. Nilianza kuvaa vizuri siku za Jumamosi, kana kwamba redio ina macho.

Mwaka ule vita vilikuwa vimerudi. Kila wiki watu waliingia mjini na magodoro kichwani, na nyumba ya mjomba wako ilichomwa na kila kitu ndani. Alikuja akalala kwetu na watoto wake, unakumbuka. Hukujua kwamba mkewe mdogo hakufika, kwa sababu tulikuambia alikwenda kwa wazazi wake Aru. Askari wa serikali walikuwa karibu siku ile, mwendo wa dakika chache tu, na hawakutoka kambini. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niiweke wapi. Nikaiweka kwenye emisyon, kile kipindi changu cha Jumamosi.

Nilichagua kitabu cha yule mzee. Kuna mlango mmoja wa kitabu hicho ambamo anasema kwamba mtawala anatiiwa kwa sababu analinda, na kama halindi tena, watu hawafungwi naye tena. Niliuandika upya kwa sentensi fupi fupi. Moja ilitoka nzuri kupita kiasi: “Asiyekulinda hana haki ya kukuamuru.” Mzee hakuisema hivyo. Yeye alihitaji ukurasa mzima kuisema, na katikati ya huo ukurasa kulikuwa na “lakini” tano.

Baada ya mlango ule kuna mwingine. Ni mrefu, unachosha, unarudi nyuma kila mara. Ndani yake mzee anasema kwamba anayechukua silaha kwa jina la kulinda amekuwa mtawala naye, na aulizwe maswali yale yale. Anasema jirani yako si serikali, na kumpiga jirani kwa kosa la serikali ni woga uliovaa nguo ya haki. Anasema mtu hawezi kuwa hakimu wa kesi yake mwenyewe, hata akiwa ameonewa kweli. Hiyo ndiyo sehemu ya pili. Niliiandika yote kwa Kiswahili, iko katika daftari hii ya nne, na herufi zake ni safi kuliko za sehemu ya kwanza.

Nilimwonyesha direkteri. Alipitisha macho, akageuza karatasi mbili kwa pamoja.

“Madamu, hii iko nguvu. Batu watafunga redio.”

“Lakini bila hii, ile ya kwanza haijaisha.”

“Soma ya kwanza. Hii ingine tutaona siku ingine.”

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba ni yeye aliyekata. Alikuwa mtu mwema, amekwisha kufa, na si haki nimwachie mzigo huo. Mimi ndiye niliyekuwa mbele ya mikro. Dakika zilibaki saba, na karatasi za sehemu ya pili zilikuwa magotini mwangu. Ningeweza kusoma hata mistari kumi. Nikamfanyia ishara fundi aweke muziki. Solange, sikuiacha kwa sababu ilikuwa ngumu kueleza. Niliiacha kwa sababu sikuitaka. Siku ile sikutaka mtu yeyote aniambie kwamba jirani si serikali.

Ile sentensi fupi ilitembea mbio kuliko mimi. Wiki ya pili niliisikia kwa mwendesha pikipiki. Wiki ya tatu niliiona imeandikwa kwa mkaa kwenye ukuta karibu na soko, na nilisimama pale nikajivuna. Mwezi haujaisha, mtu mmoja aliyetoka barabarani aliniambia kwamba vijana waliofunga barabara kwa barrière walikuwa wanaisema wakipekua magari.

Halafu Janvier alikuja nyumbani. Alikuwa amekwisha kumaliza shule, ana miaka kumi na tisa, amenyoa kichwa. Hakukaa. Alisimama mlangoni, karibu na kabati, na alikuwa ameshika kopi ya karatasi zangu za redioni, amezishona kwa uzi mweusi ziwe kama kitabu.

“Madamu, nimekuja kukuaga. Ninaenda na benzangu.”

“Unaenda wapi?”

“Unajua.”

Nilijua. Nilimuuliza kama mama yake anajua. Alisema atamwambia kesho, na nikaona kwamba hatamwambia.

“Miye nina swali moja,” akasema. “Huku juu uliandika Sehemu ya Kwanza. Iko ya pili?”

Angalia vizuri, mwanangu, kwa sababu hapa ndipo mama yako alipo. Mtoto wangu wa darasani alikuwa amesoma karatasi zangu kwa uangalifu kuliko mimi. Alikuwa ameona kwamba kuna kitu hakipo, na kabla ya kwenda alipita kukitafuta. Daftari ilikuwa kwenye kabati, karibu na bega lake. Ilikuwa ninyooshe mkono tu.

Nilisema, “Iko, lakini ni ndefu. Tutaiona ukirudi.”

“Sawa, Madamu.”

Alinipa mkono kwa heshima, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia, akaenda. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilijibu vile. Nilikuwa na haya, nadhani. Kumsomea sehemu ya pili kungekuwa kukiri mbele ya mwanafunzi kwamba nilidanganya mji mzima. Niliona ni afadhali aende na hadhi yangu ikiwa nzima.

Hakurudi. Miezi minne baadaye yeye na wenzake walishuka katika kijiji cha watu wa upande mwingine, watu ambao hawakuwa wameamuru mtu yeyote jambo lolote, walikuwa wanavuna mihogo. Sitakuandikia yaliyofanyika pale. Mwenzake mmoja aliyetoroka ndiye aliyeniambia kwamba asubuhi ile, kabla hawajaondoka, Janvier aliwasomea karatasi zangu, wamesimama mstari. Naye alipigwa risasi jioni wakati wa kurudi. Mwili wake haukuletwa.

Niliwaambia redio kwamba nina ugonjwa wa koo. Nawe nilikuambia hivyo hivyo, ukawa unaniletea maji ya tangawizi kwa kikombe cha plastiki, na niliyanywa kila siku.

Hayo ni ya miaka kumi na tatu. Sasa ya wiki tatu.

Ulikuwa kwenye kozi yako ya kompyuta. Walikuja watu wawili, mmoja wa umri wangu na mwingine kijana, wamevaa vizuri. Walipiga hodi, walivua kofia, walinishukuru kwa chai. Yule mkubwa alitoa simu na kuiweka hapa mezani. Nikasikia sauti yangu. Ilikuwa emisyon ile, mtu aliihifadhi miaka yote, na sasa wameisafisha na kuitia ngoma chini yake. Sauti yangu ya ujana, nzuri, ina uhakika wa kila kitu.

“Madamu, batoto ba leo hawasome,” akasema. “Wanasikiliza. Na weye batu wanakuamini.”

“Ninyi mnataka nini?”

“Kidogo tu. Utusomee tena, sauti ipya. Sehemu ile tu.”

“Kuna sehemu ya pili.”

Alicheka polepole, bila ubaya. “Tunajua. Ile hapana.”

Kwa hiyo waliijua, Solange. Walikuwa wamekitafuta kile kitabu na kukisoma mpaka mwisho, na walichagua kukata pale pale nilipokata mimi. Sijawahi kuogopa bunduki kama nilivyoogopa neno hilo dogo.

Yule kijana alikuwa anaangalia picha yako ya diploma pale ukutani. Walipoinuka ndipo alipouliza, “Binti yako naye iko anafanya kazi hii hii, si ndiyo? Ya kusoma kwa telefoni.” Nikasema hapana, yeye anasoma mambo ya kompyuta. “Ah,” akasema, “basi wametuambia vibaya.”

Walisema watarudi Jumapili hii kuchukua jibu. Tangu siku hiyo kuna pikipiki nyekundu inayosimama mbele ya duka la mkaa, na mwenyewe habebi abiria.

Ndiyo maana unaondoka kesho na si baada ya Pasaka. Ulifikiri nimechoka nawe, na ulimwambia tantine yako hivyo, naye akaniambia. Nilikuacha ufikiri hivyo kwa sababu ungebaki kama ungejua.

Sasa kuhusu kazi yako. Sikukatazi. Nimelala macho usiku mwingi nikitafuta sababu ya kukukataza na sikuipata. Wale watu wawili watawasomea vijana, nawe ukinyamaza watasoma wao tu. Vitabu hivi havikuandikwa vibaki kwenye rafu vikingoja wenye Kifaransa kizuri. Lakini ninajua sasa kwamba mtu anayemrahisishia mwenzake kitabu ameshika kisu, na hakuna anayemwona. Unapofika kwenye ukurasa unaotaka kuuruka, kaa kidogo, ujiulize: unanichosha, au unanisumbua? Ukikuchosha, tafuta maneno mapya, tafuta mfano, kamsikilize mama mmoja kwenye bomba la maji. Ukikusumbua, huo ndio unaohitajiwa na wanaokusikiliza, na pengine zaidi na wewe. Na sentensi ikitoka nzuri mno, iogope siku mbili kabla hujaitoa nje. Siwezi kukupa zaidi ya hayo. Mengine bado sijayajua.

Juzi nilifanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya zamani. Nilikwenda kwa Mama Janvier. Anakaa peke yake kwenye parseli, kiwanja cha marehemu mumewe, anauza maharagwe. Alinipa kiti, akaendelea kuchambua maharagwe kwenye sinia. Nilimwambia yote. Swali la mtoto wake mlangoni, jibu langu, kila kitu. Mikono yake haikusimama.

“Iko na hiyo sehemu hapa?” akauliza.

“Iko.”

“Soma.”

Nilisoma. Ilichukua muda mrefu. Nilipomaliza alikuwa ameacha maharagwe.

“Angesikia hii, angeenda?”

“Sijui, Mama.”

“Miye pia sijui. Alikuwa kichwa nguvu. Lakini angekuwa na neno la kuwaambia benzake, asubuhi ile.”

Nilitaka kumwomba msamaha, nikaanza, akainua mkono. Hakunisamehe, Solange, na sikutaka ajilazimishe. Alisema, “Pale kwenye hakimu, sikusikia vizuri. Rudilia.” Nikarudilia. Akauliza: kama mtu hawezi kujihukumu, na hakimu hayuko, mwenye kuonewa anangoja wapi? Ni swali ambalo yule mzee wa Ulaya hakulijibu. Nilimwambia hivyo. Akasema, “Basi andika kwamba hakujibu. Batu wasifikiri ni siye tumekosa akili.”

Nimeliandika.

Jana asubuhi, ulipokwenda kununua kitambaa, tulikwenda naye redioni. Direkteri wa sasa ni kijana, hakuwapo enzi zangu. Tulirekodi saa nzima: sehemu ya kwanza, sehemu ya pili, na maswali ya Mama Janvier katikati, pamoja na lile lisilo na jibu. Mwishoni nilisema jina langu, na nilisema kwamba sauti inayozunguka kwenye simu ni yangu na kwamba mimi ndiye niliyeikata. Sikumtaja Janvier. Mama yake alimtaja mwenyewe, nami sikumzuia.

Itatoka Jumamosi asubuhi, saa ile ile ya zamani. Wale watu wataisikia siku moja kabla ya siku yao. Wewe utakuwa Kisangani tangu kesho.

Tantine yako nimemwomba asilale hapa wiki hii. Mama Janvier anasema atakuja kulala nami, nimemkatalia, naye amesema hakuniomba ruhusa. Daftari ya nne nimeiweka kati ya nguo zako, katikati kabisa. Wakipekua mizigo kwenye uwanja wa ndege, ni kazi yako ya shule. Ukifika, toa kopi tatu, umpe kila mwenzako wa kazi moja, hata yule usiyempenda.

Usirudi kwa sababu ya jambo lolote utakaloambiwa kuhusu mimi. Ninaliandika polepole ili ulisome polepole: usirudi. Watu watakupigia, wengine watalia kwenye simu, na pengine watakuwa wanalia kweli. Jumapili jioni nitajaribu kukupigia mwenyewe. Nitakuita kwa jina lile la utoto, ambalo hatujalitumia mbele ya watu tangu baba yako afe na ambalo siliandiki hapa. Ukiona namba yangu na usisikie jina hilo, hata kama sauti ni yangu, usijibu swali lolote wala usiseme uko wapi. Kata simu, nenda mahali penye watu wengi, kaa katikati yao, ndipo ulie.

Mama yako